Ushahidi Unaogeuka Maji

Ajia haijawahi kuangukiwa na theluji, wala sitarajii kwamba itaangukiwa. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mvua ya mawe inapotupiga huku Arua, vijana hutoka nje na simu zao, hupiga picha za ua uliojaa weupe, na kabla ya magharibi picha hizo zimeshafika Kampala, Juba na Dubai zikiwa na maneno "theluji West Nile". Kisha simu yangu inaanza kuita. Nilifundisha jiografia katika shule za msingi za Vurra mpaka nikastaafu, kwa hiyo kesi za namna hii huletwa kwangu. "Mwalimu, ni kweli?" Si kweli. Ni mvua ya mawe, ileile iliyowapiga baba zenu.

Lakini mstaafu ana muda wa kusoma, na kadiri ninavyosoma naona kwamba swali lile ni la zamani kuliko simu. Barafu katika nchi za joto ni jambo la mashahidi. Inaonekana, inayeyuka, na anayebaki ni mtu mwenye maneno matupu mdomoni, wenzake waamue kumsadiki au kumcheka. Ndivyo ilivyokuwa Kilimanjaro, ndivyo ilivyokuwa Rwenzori. Na habari za Rwenzori haziwezi kusimuliwa bila kupitia Wadelai, ukingoni mwa Nile, kwetu West Nile.

Nianze na la juzi. Nyahururu ni mji wa nyanda za juu za Kenya, kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, mwendo mfupi tu kutoka mstari wa ikweta. Wageni huenda pale kupumzika na kutazama maporomoko ya mita 74 ambayo msafiri Joseph Thomson aliyapa jina la ukoo wake alipopita mwaka 1883, kana kwamba hayakuwa na mwenyewe. Asubuhi pana baridi ya kuvaa koti, lakini si baridi ya theluji. Mapema Septemba 2008 wakazi wa Busara, karibu na mji huo, waliona mteremko mzima wa kilima umefunikwa na barafu. Watu wakamiminika kutoka vijiji vya jirani, wengi wao hawajapata kushika kitu kama kile maishani. Wakakanyaga, wakachota kwa viganja, wakaonja. Habari ikatangazwa kuwa ni theluji. Ndipo wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kwamba punje ndogondogo za mawe zilianguka kwa wingi mno, zikagandana ardhini zikawa tandiko moja.

Kwa maoni yangu wataalamu walikuwa sahihi, na wanakijiji hawakuwa waongo. Walisema walichokiona: kilima cheupe. Jinsi kile kitu kilivyotengenezwa huko juu si jambo la kuonekana kwa macho.

Theluji hutengenezwa taratibu. Mvuke wa maji unaganda moja kwa moja ukawa chembe zenye pembe sita, chembe zinashikana, zinashuka polepole. Ili zifike chini zikiwa nzima, hewa iwe na baridi tangu winguni mpaka ardhini. Huku kwetu kwenye ikweta, lazima upande hadi karibu mita 4,800 juu ya bahari ndipo ukute hewa ya kugandisha maji. Ajia iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi. Chembe ya theluji ingelazimika kupita zaidi ya kilomita tatu za hewa ya joto kabla ya kugusa majani ya muhogo. Inafika ikiwa tone la mvua, na mvua nyingi tunayoipokea ilianza safari yake hivyohivyo, ikiwa barafu.

Jiwe la mvua lina mambo mengine. Siku moja mvua ya mawe ilikatiza somo langu. Juu ya mabati palikuwa na kishindo ambacho hakuna mwalimu anayeweza kushindana nacho. Ilipopungua nilimtuma mtoto alete punje kubwa kuliko zote atakazoziona. Nikaliweka lile jiwe mezani, nikalipasua katikati kwa kisu cha jikoni cha walimu. Ndani lilikuwa na tabaka, mithili ya kitunguu: kiini cheupe, kisha duara angavu, kisha jeupe tena. Watoto waliinama mpaka vichwa vikagongana. Nikawaeleza kwamba tabaka jeupe ni maji yaliyoganda upesi yakaifungia hewa ndani, na lile angavu ni maji yaliyoganda bila haraka, hewa ikapata njia ya kutoka. Jiwe linabebwa na upepo unaopanda ndani ya wingu, wingu ambalo katika nchi zetu laweza kufika kilomita 15 kwenda juu. Linavishwa maji, maji yanaganda, linavishwa tena, mpaka uzito wake unaushinda ule upepo. Likianza kushuka, hushuka kwa kasi, joto la chini lisipate muda wa kulimaliza. Kabla sijafika mwisho wa maelezo meza ilikuwa imelowa, na msichana mmoja akauliza: sasa darasa la saba tutawaonyesha nini?

Sikuwa na jibu la maana, nikawaambia wachore.

Kama kuna watu katika Afrika Mashariki wanaoweza kujiita mafundi wa mvua ya mawe, ni wa Kericho na Nandi Hills. Mashamba ya chai ya huko yako juu, kwenye mita 2,000 na kuendelea, kwa hiyo punje ina safari fupi ya kuyeyuka. Hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria inapanda miinuko hiyo kila alasiri, na mawe huanguka zaidi ya siku 50 kwa mwaka. Ni sehemu chache mno duniani zinazofikia kiwango hicho. Jani changa la chai ndilo mali, na jani changa ndilo linalochanika kwanza. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba walijaribu kuyapiga vita mawingu, kwa roketi za baruti na baadaye kwa ndege zilizomwaga moshi wa iodidi ya fedha ili maji yagande mapema yakiwa punje ndogo. Mwaka 1982 watafiti wawili wakaandika kwamba majani makavu ya chai yaliyooza chini ya miti yana chembe zinazosaidia maji kuganda. Ikiwa ndivyo, basi huenda miguu ya wachumaji ndiyo iliyokuwa ikirusha angani mbegu za mawe yanayowaharibia kazi. Nimewahi kuieleza habari hiyo mbele ya wakulima wa tumbaku wa kwetu. Walicheka sana, kisha mmoja akauliza kama tumbaku nayo ina tabia hiyo.

Turudi nyuma, kwenye kesi ya kwanza maarufu. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisheni Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alitazama upande wa nchi ya Wachaga akaona kilele cheupe. Aliiandika habari hiyo, ikafika Ulaya, na huko London mtaalamu wa ramani William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi, akaikataa katakata. Theluji karibu na ikweta! Alisema macho ya mmisheni yamemdanganya. Ubishi ukaendelea mpaka miaka ya 1860, Baron von der Decken alipopanda sehemu ya mlima na kurudi na vipimo.

Watu wanapoisimulia habari hii humfanya Rebmann kuwa shahidi wa kwanza aliyedharauliwa. Mimi humfikiria mwingine. Kwa masimulizi ambayo Rebmann mwenyewe aliyapokea huko, mtawala wa Machame aliyeitwa Rengua alikuwa amewatuma watu wapande wakachunguze kile kitu kinachong'aa juu ya mlima, wengine wakidhani ni fedha. Walipotea huko. Aliyerudi ni mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Na Bwana Kheri, Mswahili aliyewaongoza wamisheni hao, alikuwa na habari kwamba ile fedha ikiteremshwa ndani ya chupa hukutwa ni maji matupu. Huo ni uchunguzi kamili: kuna dhana, kuna safari, kuna sampuli, kuna matokeo. Kilichokosekana ni karatasi tu, na Cooley aliyekuwa na karatasi tele hakuwa na chupa.

Sasa twende kwetu. Mwaka 1885 Emin Pasha alihamishia makao yake Wadelai, mahali ambapo leo pako katika wilaya ya Pakwach. Mtu huyu alizaliwa Eduard Schnitzer huko Silesia, akasomea udaktari, akaingia katika utumishi wa Misri, akawa gavana wa jimbo la Ikweta ambalo kwenye ramani lilitujumuisha na sisi bila kutuuliza. Vita vya Mahdi huko Sudan vilikuwa vimemkatia njia ya Khartoum. Alikuwa mtu wa kupima na kuandika: alikusanya ndege na wanyama na kuwapeleka kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya, na aliweka shajara kwa bidii ambayo mwalimu mkuu yeyote angeionea wivu. Alikuwa na meli mbili ndogo za moshi, Khedive na Nyanza, zilizokwenda na kurudi kwenye Ziwa Albert. Pamoja na hayo yote, safu ya milima yenye theluji iliyosimama kusini mwa ziwa hilohilo haikuwa kwenye ramani yake.

Si uzembe. Rwenzori hujifunika. Mawingu na ukungu huificha siku nyingi za mwaka, na msimu wa kiangazi moshi wa nyasi zinazochomwa unaongezea pazia lake. Msafiri Samuel Baker alilifikia ziwa hilo mwaka 1864 akaenda zake bila kuleta habari ya theluji.

Aliyekuja kumwokoa Emin alikuwa Henry Morton Stanley, na kwa sisi wasemaji wa Kiswahili si neno la kupita kwamba wapagazi na askari wake, zaidi ya 600, waliandikishwa Unguja. Kiswahili kilikuwa lugha ya safari ile kutoka mdomo wa mto Kongo hadi ziwani. Stanley alifika Ziwa Albert Desemba 1887, hakumkuta Emin, wala hakuona mlima. Akarudi tena Aprili 1888. Tarehe 20 ya mwezi huo wasaidizi wake wawili, daktari Thomas Parke na Arthur Jephson, waliona kwa mbali mlima wenye kilele cheupe wakamweleza mkubwa wao. Hakulitilia maanani. Tarehe 29 Emin akaja na meli yake kutoka kaskazini, wakaonana. Kisha, tarehe 24 Mei, Stanley akiwa njiani kurudi msituni, mvulana mmoja alimwonyesha mlima ambao ulisemekana umefunikwa na chumvi. Stanley alitazama, akadhani ni wingu la rangi ya fedha, akatazama tena. Lilikuwa na mizizi ardhini.

Vitabu vya shule nilivyofundishia viliandika kwamba Stanley aligundua Rwenzori. Maelezo yake mwenyewe yana mvulana mwenye kidole kilichonyooka. Vitabu havikumpa hata mstari mmoja. Mimi nilikuwa namtaja darasani kila mwaka, na kwenye mtihani wa ndani nilimpa alama aliyeandika "mvulana".

Wala chumvi haikuwa jibu la kijinga. Kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Albert kuna Kibiro, ambako wanawake wamechemsha chumvi kwa karne nyingi wakiichuja kutoka kwenye udongo. Kusini ya mlima wenyewe kuna Katwe, ziwa la chumvi ambalo wafalme walilipigania. Katika nchi ile kitu cheupe, cha thamani, kinacholala juu ya ardhi, ni chumvi. Mtu hufasiri asilolijua kwa alilonalo nyumbani, kama Mchaga alivyofikiria fedha. Waliokuwa na maarifa kamili ni Wabakonzo wa miteremko ya mlima, walioijua theluji yao na kumpa mwenye theluji hiyo jina, Nzururu, tangu kabla ya meli yoyote ya moshi. Hakuna aliyewatuma watu kwenda kuwauliza.

Mwaka uliofuata, 1889, Emin aliondoka pamoja na Stanley, na msafara ukapita chini ya mlima. Mwezi Juni, Luteni Stairs wa msafara huo alipanda mpaka kupita mita 3,000 akazuiliwa na mabonde. Emin alianza naye lakini akarudi mapema. Macho yake yalikuwa mabovu na mwili umechoka. Nikifikiria mtu aliyekaa miaka katika nchi yetu akipima kila kitu, kisha anafikishwa chini ya theluji wakati hawezi tena kuiona vizuri, namhurumia, ingawa kwa utawala wake sina huruma nyingi.

Askari wake wengi hawakuondoka naye. Walikuwa Wamakaraka, Wabari, Wamadi na wengine wa nchi za juu za Nile, pamoja na wake, watoto na watumwa wao. Kundi chini ya Selim Bey lilibaki Kavalli, upande wa magharibi wa ziwa, mpaka ofisa Mwingereza Frederick Lugard alipolikuta mwaka 1891 akalichukua, maelfu ya watu, akaligawa katika ngome alizojenga Toro. Ngome moja, Fort George, aliiweka Katwe palepale kwenye chumvi. Hivyo watu wa upande wetu wakakaa zamu chini ya Rwenzori, na asubuhi wingu likifunguka walikuwa na theluji juu ya vichwa vyao. Wajukuu zao ndio Wanubi wa Bombo, Arua na Koboko. Katika historia za kijeshi nilizosoma askari hao wanahesabiwa kwa bunduki; hakuna mahali walipoulizwa walionaje weupe ule.

Sisi wenyewe tulizungushwa kwa muda. West Nile ilikuwa sehemu ya eneo la Lado la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alipokufa ikaenda Sudan, na mwaka 1914 ikakabidhiwa Uganda. Kwa hesabu hiyo Ajia na Rwenzori zimekuwa katika nchi moja kwa zaidi kidogo ya karne moja tu.

Baba yangu mdogo aliitumia nafasi hiyo. Alikwenda Kasese kufanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe, uliokuwa ukizalisha tangu mwaka 1956. Aliporudi likizo alileta blanketi, redio na habari ya barafu juu ya mlima. Wazee walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaanza kumhoji. Barafu waliijua: ilikuwa ndani ya friji za mafuta ya taa zilizotunza dawa, na kila mtu alijua friji haiachwi wazi juani. Sasa hiyo ya mlimani, nani anaifungia mlango? Baba mdogo akasema haihitaji mlango. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, shaba imekuingia kichwani." Tangu siku ile, mtu akitia chumvi katika maneno yake, kwetu huambiwa ametoka Kilembe. Nilikuwa mdogo, nikacheka na wengine. Baba mdogo hakukasirika. Alisema angewaletea, ila ingefika Arua ikiwa ni kikombe cha maji, na maji wanayo.

Hakuwa amesikia habari ya Bwana Kheri na chupa.

Wanetu wa leo wanaona theluji mbali zaidi. Mpwa wangu ni mlinzi huko Emirati, na kupitia kwake nilijua Jebel Jais, mlima wa Ras al-Khaimah unaokaribia mita 2,000, jangwani kabisa. Theluji ya kweli ilianguka huko Desemba 2004, ikaanguka tena Januari 2009. Safari hiyo hakuna aliyebishana, kwa kuwa palikuwa na kamera za kutosha, na sasa mlima huo ni mahali pa mapumziko pana barabara na waya wa kuteleza angani. Hewa yao ya kipupwe inaweza kupoa mpaka chini, yetu haiwezi. Ndiyo sababu jangwa la Waarabu lapata theluji na Ajia yenye kijani haipati, jambo ambalo mpwa wangu analiona kuwa ni upendeleo.

Ajia tunapata mawe, basi. Huja hasa mvua za kwanza zinapofungua, Machi na Aprili, baada ya joto kali la kiangazi, na mara nyingine katika mvua za baadaye. Wingu la namna hiyo lina rangi yake, kijivu cha kuelekea kijani, na mbele yake hutangulia upepo wa baridi unaonuka udongo uliolowa. Bibi yangu alikuwa akitupa jembe nje uani, makali juu, ili mawe yakatike. Katika mila ya Walugbara mvua ina mwenyewe: ukoo una mzee wa mvua, na mawe yake ya mvua hukaa ndani ya chungu kilichofichwa kichakani. Mzee huyo alikuwa na mamlaka makubwa kuliko tunavyodhani leo. Neno lake lilisimamisha mapigano na kufungua msimu wa kupanda. Mvua ikikosekana aliulizwa. Mawe yakianguka pia aliulizwa, tena kwa ukali, maana mvua iliyokosekana yaweza kusubiriwa, lakini jani lililochanika halishonwi.

Tumbaku ndiyo iliyotufundisha bei ya mawe. Mtama ukipigwa ukiwa mchanga huweza kuchipua tena. Muhogo una chakula chake chini, unapoteza majani tu. Jani la tumbaku ndilo linalouzwa, tena linauzwa kwa daraja, na jani lenye matundu halina daraja la kulitosha. Nakumbuka shamba la jirani yetu baada ya mvua ya dakika chache: vijiti vimesimama kwa mistari iliyonyooka, kila kijiti kimebaki na mshipa wa jani katikati, na chini ya kila kijiti pana kilima kidogo cha punje zilizochanganyika na vipande vya kijani. Watoto walikuwa wanakula zile punje. Mwenye shamba alikuwa anahesabu mistari. Alipokwenda kueleza hasara yake kwa waliomkopesha mbegu na mbolea, siku ya tatu, waliomba ushahidi kwamba yalikuwa mawe na si uzembe wa palizi. Shamba lilikuwa limekauka. Deni likabaki palepale.

Hapo ndipo mimi huacha kucheka na vijana wa simu. Picha zao zina jina la uongo, lakini zina tarehe na saa, na mwenye shamba yule angelipa mbuzi kupata picha moja kama hizo.

Huko Rwenzori ushahidi wenyewe unapungua. Mwaka 1906, Duki wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda vilele vyote vikubwa na kukipa kilele cha mita 5,109 jina la malkia wake Margherita, barafu ya kudumu ilienea kilomita za mraba zipatazo saba. Kufikia mwaka 2003 ilibaki chini ya moja. Katika safu hiyo, Mlima Speke na Mlima Baker imepoteza barafu yake, na barafu iliyobaki kwenye Mlima Stanley ilipungua kwa karibu asilimia 30 kati ya mwaka 2020 na 2024. Theluji itaendelea kuanguka kule juu usiku wa baridi na kuyeyuka mchana, ila ile inayokaa mwaka hadi mwaka, aliyoionyesha yule mvulana na aliyoisimulia baba yangu mdogo, inakwenda. Wajukuu zangu watalazimika kuniamini mimi kwa neno tupu, na nimeshaona jinsi Ajia inavyomwamini mtu kwa neno tupu.

Ninachowaomba wasomaji wa kwetu ni kidogo. Mawe yakianguka nyumbani kwako, Ajia, Logiri, Koboko au kokote, usibishane kama ni theluji. Chukua punje moja kubwa, iweke kando ya rula ya mtoto wa shule, piga picha kabla haijalowesha meza. Andika kwenye daftari siku, saa ilipoanza, saa ilipokoma, na mazao yaliyopigwa. Piga picha shamba siku ileile, mara moja pamoja na jirani asiye ndugu yako amesimama ndani yake. Peleka nakala kwa afisa kilimo wa gombolola wiki hiyohiyo, umwombe aigonge muhuri, na nakala ya pili ikae shuleni.